Mpaka Samaki Wamalize Kutaga

9 Machi 1997. Maji nyuzi 52 za Farenhaiti. Upepo wa kaskazini.

Daftari jipya. La mwaka jana lilijaa, kurasa za mwisho nikaandikia pembezoni, sasa mwenyewe siwezi kuzisoma. Kila masika naandika mambo manne tu: joto la maji, hali ya hewa, nzi wa manyoya niliyemfunga kuwa chambo, na samaki aliyekuja. Mengine hujipenyeza yenyewe.

Leo tumeshusha boti mara ya kwanza, mimi na kaka yangu Carlis. Maji bado ya baridi na samaki wetu, besi, wako vilindini, hawana habari na sisi. Tulizunguka Ghuba ya Tanuri kuangalia miti iliyoanguka wakati wa baridi. Carlis amesimama mbele, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, mimi nimekaa nyuma na ufito wa kuvulia. Ndivyo tunavyovua tangu nina miaka kumi na miwili. Baba ndiye aliyetugawa: Carlis macho, Verlon mkono. Besi mdomo-mpana akipanda maji ya kina kifupi kutaga, huvuliwa kwa kuonwa kwanza. Mmoja akione kiota, kile kiduara cheupe ambacho dume amekifagia kwa mkia, aseme kiko wapi, ndipo mwingine arushe nzi wa manyoya. Mimi macho yangu mazima kabisa, lakini nikitazama maji naona maji. Carlis huona pezi chini ya kivuli cha jani. Ila mpe ufito, atainasa kofia yake mwenyewe. Kila mmoja wetu akiwa peke yake si mvuvi.

"Mwaka huu tunampata mama yao," akasema.

"Umesema hivyo tangu tukiwa na nywele."

"Mimi bado ninazo. Wewe ndiye uliyezitupa ziwani."

14 Machi. Mvua.

15 Machi. Mvua. Nimefunga nzi sita: wanne weusi wa ngozi ya sungura, wawili wa umbo la mjusi wa majini. Besi anayelinda mayai humchukia mjusi kuliko kitu chochote, maana mjusi ni mwizi wa mayai. Hamli kwa njaa, humng'ata kwa hasira. Hapo ndipo sisi tunapojipatia riziki yetu ya uongo.

22 Machi. Maji 57.

Carlis alipokuwa anarudisha nyuma trela ya boti aligonga nguzo ya lango langu. Nguzo hiyo ina umri wa miaka thelathini. Akashuka, akaipapasa, akasema, "Nani kaisogeza hii?" Tulicheka sana. Nimeisimamisha upya.

30 Machi. Pasaka. Maji sikupima.

Baada ya ibada nilikula kwa Carlis, kama kawaida tangu mke wangu Nelda afariki. Paja la nguruwe, maharagwe mapana, mkate wa mahindi. Bi Alta Pettus naye alikuwepo. Anaishi katikati ya nyumba yangu na ya Carlis, barabara hiyo hiyo. Alitufundisha sote wawili kusoma, sasa ana miaka themanini na minane na bado anasahihisha watu mezani.

"Verlon, ni 'sikuona', si 'sijaonaga'."

"Ndiyo, Bi Alta."

"Nimekuwa nikikwambia tangu 1940."

Carlis ndiye anayeendesha basi dogo la kanisa. Kila Jumapili huwapitia wazee tisa au kumi, Bi Alta akiwa wa kwanza kupanda, maana hukaa kiti cha mbele na kumwambia dereva apunguze mwendo.

Nilipopeleka sahani jikoni, Ouida, mke wa Carlis, akafunga mlango.

"Shemeji, nikuulize. Kaka yako anaona?"

"Anaona nini?"

"Usinifanyie mzaha. Juzi kamimina chai nje ya gilasi. Mezani kote. Darasa la Jumapili hasomi tena Biblia, anaikariri. Januari alikwenda kwa daktari wa macho peke yake, hakutaka niende naye. Karudi kasema eti kila kitu safi. Safi gani?"

"Labda miwani."

"Basi mwangalie ziwani. Hapa nyumbani anajua kila kitu kilipo, anaweza kunizungusha. Kule hawezi. Akiwa haoni, wewe utajua. Na wewe ndiye pekee anayekusikia. Mimi nikimwambia aache gari atasema ni maneno ya wanawake."

Nikamwambia nitamwangalia. Kaka yangu huyo anaona samaki ambao Mungu mwenyewe amewasahau.

5 Aprili. Maji 62. Jua, upepo hakuna.

Miti ya maua meupe imechanua msituni kote, na hiyo ndiyo saa ya besi. Leo naandika polepole, nikisoma tena nisije nikajidanganya.

Tuliingia Ghuba ya Tanuri saa nne asubuhi. Maji maangavu, mchanga unauona chini. Carlis akainua mkono.

"Kushoto, karibu na kile kisiki. Hatua kumi na tano. Dume amekaa kiotani, jike yuko pembeni, mkubwa. Taratibu, bwana mdogo."

Nikarusha. Mjusi wangu wa manyoya akatua pale pale. Nikamwacha azame, nikamtikisa. Kimya.

"Kamtazama," akasema Carlis. "Kageuka. Rudia."

Nikarudia. Mara kumi, mara ishirini.

"Kasimamisha mapezi! Amekasirika huyo. Rudia!"

Bega lilipoanza kuniuma boti ikawa imeshaelea mpaka kwenye kisiki, nikachungulia. Hapakuwa na kiota. Hapakuwa na dume wala jike. Tope tupu na kopo la bia.

Jioni hii nimefungua daftari la mwaka jana. Tarehe tisa Aprili: kisiki, kushoto, hatua kumi na tano, jike pembeni. Alikuwa ananihadithia samaki wa mwaka jana.

Lakini pale sikuwa na daftari. Nikasema moyoni, labda wamekimbia boti. Tukaenda kwenye gati bovu la akina Suggs. Akaita, nikarusha, hamna. Mdomo wa kijito, vivyo hivyo. Halafu nikainama kuchukua chupa ya kahawa, na mimi, mimi nisiyeona kitu, nikawaona. Ubavuni mwa boti, upande wa Carlis kabisa, kiota cheupe, na juu yake jike wa pauni nane, labda tisa. Amelala upandeupande, dume anamgonga tumboni kwa pua, mayai yanatoka. Miaka hamsini na mbili ziwani na sijawahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu, siku zote nimesimuliwa. Carlis alikuwa amewaelekea. Wangekuwa meza angejigonga.

"Kaka," nikasema, "hapo chini yako kuna kitu?"

Akatazama. Akachukua muda wake.

"Hapo? Hamna kitu, bwana mdogo. Majani tu."

Moyo ulinidunda mpaka nikadhani ataona shati langu linatikisika. Kisha nikakumbuka kwamba hataona.

Ningesema pale pale. Lakini alikuwa amesimama amejinyoosha, mkono kiunoni, kazi yake ya maisha, na nikaona kitakachofuata nikisema: lori lake dogo litaondoka, basi la kanisa litaondoka, boti itawekwa bandani ifunikwe turubai. Na mimi nitabaki na ufito mkononi nisijue niurushe wapi. Acha nilikiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: sikumfikiria yeye peke yake.

"Twende kwenye mwamba," nikasema. Akaita viota vitatu vingine. Nikavirushia vyote, mpaka saa kumi.

Nitamwambia samaki wakimaliza kutaga. Wiki tatu, ikizidi nne. Hakuna kitakachoharibika kwa wiki tatu.

6 Aprili. Jumapili. Nilikwenda kanisani kwa gari langu. Nikiwa njiani basi dogo likanipita, Carlis akapiga honi, akina mama wakanipungia mikono. Nilihesabu vichwa tisa.

7 Aprili. Maji 63. Samaki hamna.

9 Aprili. Maji 63.

Ouida alinisubiri kwenye sanduku langu la barua.

"Enhe?"

"Anaona," nikasema.

"Kweli?"

"Jumamosi kaniitia viota sita."

Na hilo ni kweli, aliita sita. Ouida akaegemea nguzo akafunga macho, nikadhani anazimia, kumbe anashukuru. Alasiri akaniletea pai ya viazi vitamu. Nikala vipande viwili. Kibaya zaidi ni kwamba ilikuwa tamu.

13 Aprili. Maji 56. Baridi ya maua meupe imetushukia kama kila mwaka, maua yakiwa bado mtini. Besi wameviacha viota na kurudi kwenye kina. Kutaga kumesimama. Itachukua siku kumi maji yapate joto tena.

Nilifurahi. Nimeandika, siufuti.

15 Aprili. Maji 55. Carlis kapita na lori kunirudishia ngazi. Aliegesha juu ya kitanda cha maua cha Nelda.

18 Aprili. Mvua. Ziwa limepanda futi moja.

22 Aprili. Maji 66. Mwezi mpevu.

Wamerudi wote. Nimegundua kwamba macho yakilazimishwa hujifunza. Siku hizi nimevaa ile miwani myeusi ya kukata mng'ao wa maji, na badala ya kutafuta samaki natafuta weupe wa kiota. Carlis haambiwi. Yeye anaita mahali pake pa mwaka jana na wa juzi, mimi narusha mara mbili tatu kwa heshima, halafu nasukuma boti kidogo kwa kasia nirushe ninapopaona mimi.

Leo aliita, "Kulia, penye ule mti uliolala," nami nikarusha kushoto, kwenye kiota halisi. Nzi hajazama vizuri, mshipi ukakazika. Dume, pauni nne na nusu, aliruka mara mbili akitikisa kichwa.

"Nilikwambia!" Carlis akapiga kelele. "Penye mti! Macho haya, bwana mdogo, macho haya hayajafa!"

"Hayajafa, kaka."

Sheria yetu ni moja: dume wa kiotani hatolewi majini. Unamshika mdomo, unachomoa ndoana, unamwachia hapo hapo. Nilitumia, tuseme, nusu dakika. Nilitazama kiotani huku nikiwa nimemshika. Wale samaki wadogo wa tumbo la njano walikuwa wameshaingia, ishirini, thelathini, wanapiga mayai kama kuku kwenye mtama. Dume akawaona pia, nahisi, maana alijikunja mkononi mwangu kwa nguvu ambayo hakuwa nayo kwenye ndoana.

"Ngoja," Carlis akasema, "nipe nimshike kidogo."

Hajawahi kuomba hivyo. Nikampa. Akapiga magoti, akampapasa kichwa hadi mkiani, vidole vinatembea polepole kwenye mapezi. Kisha akamwachia, akabaki amepiga magoti, mikono majini.

"Verlon."

"Naam."

"Una neno la kuniambia?"

Ndege mmoja alikuwa anapiga kelele kwenye misonobari. Nilimsikia vizuri sana.

"Hamna," nikasema. "Neno gani?"

"Basi," akasema. Akanyanyuka, akashika ukingo wa boti kwanza, akasimama mahali pake.

Sijui kama kile kiota kilibakiwa na mayai.

27 Aprili. Jumapili. Nimesikia kwa wengine. Basi la kanisa liliacha lami karibu na daraja, likatembea kwenye majani hatua hamsini, likarudi. Hakuna aliyeumia. Watu wanacheka. Bi Alta alisema mbele ya kanisa zima, "Carlis alisinzia. Nilimzaba kofi la bega, akaamka." Carlis naye akacheka, akasema mahubiri ya Ndugu Loyd yanafanya kazi hata kabla hayajaanza.

Ouida hakucheka. Alinitazama toka upande wa pili wa kanisa, nikajitia natafuta ukurasa wa wimbo.

29 Aprili. Maji 68. Majike wakubwa wameshaondoka. Wakishataga huenda zao. Madume ndio wanabaki na kazi.

3 Mei. Maji 61. Baridi tena, ile ya mwisho, ya wakati miiba ya matunda meusi inapotoa maua. Kwa hiyo waliochelewa watachelewa zaidi. Kwa hiyo bado.

Nikiisoma hiyo "kwa hiyo" naona aibu. Jumamosi ijayo nasema, samaki wawe wamemaliza wasiwe wamemaliza.

8 Mei. Maji 70.

Vifaranga vimetoka. Ghuba nzima imejaa mawingu madogo meusi ya vitoto vya besi, kila wingu na baba yake chini akizunguka. Viota vimebaki vitupu. Nilitembea ukingoni peke yangu kwa miguu nikihakikisha. Upande wa kaskazini, chini ya kivuli cha mwamba ambako maji huchelewa kupata joto, nikakuta kiota kimoja chenye dume na mayai.

Kimoja bado.

10 Mei. Jumamosi.

Nilikwenda kwa Carlis baada ya chakula cha mchana nimejiandaa. Nilikuwa nimeyasema maneno yote kwa sauti bafuni. Nikamkuta kibarazani anafunga fundo la mshipi, mshipi ameukaribisha pembeni ya jicho, kichwa kageuza kama anasikiliza. Alilifunga, likafunguka. Akalifunga tena.

"Umekuja kusema nini? Uso umekukunjamana."

Alijuaje uso wangu umekunjamana? Alibahatisha tu.

"Ouida kapika nini?" nikasema.

"Mkate wa mahindi umebaki. Kaa."

Nikakaa. Tukala. Nikarudi nyumbani.

13 Mei. Jumanne.

Naandika tarehe kumi na nne kwa kweli. Jana sikuweza.

Kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi, mawingu yameshuka. Saa tisa na nusu nilimpigia Carlis simu. Nilimwambia kile kiota cha mwamba bado kina dume, ndicho cha mwisho mwaka huu, twende tukamalize msimu. Hivyo ndivyo nilivyosema, tukamalize msimu. Nilikuwa nimekata kauli kwamba tukishamrushia huyo wa mwisho, nitamwambia tukiwa bado botini. Wallace, jirani wa ng'ambo, aliniuliza jana kwa nini sikwenda kumchukua mwenyewe. Kwa sababu siku zote yeye ndiye anayekuja. Lori lake ndilo lenye chuma cha kuvutia trela.

Nilikuwa nimesimama langoni na ufito nikalisikia lori linakuja. Mwendo wa kawaida. Kisha sauti moja, si kubwa. Kisha breki.

Bi Alta alikuwa amevuka barabara kuchukua barua zake. Amevaa koti la mvua la njano. La njano. Ungemwona toka ng'ambo ya ziwa.

Nilipofika Carlis alikuwa amepiga magoti barabarani anapapasa lami, akimtafuta. Bi Alta alikuwa amelala hatua tatu kushoto kwake. Nikamshika kaka yangu mkono nikamwelekeza kwake, akamgusa koti, akasema, "Nani huyu? Verlon, ni nani?"

"Bi Alta."

"Sikumwona. Hakuwepo, halafu akawepo."

Alikuwa hai. Alifumbua jicho moja akanitazama na kusema neno ambalo sikulielewa. Barua zilikuwa zimetawanyika, nikaziokota zote nikazipanga, sijui kwa nini, nikiwa nimezishika mpaka gari la wagonjwa likaja.

Akaja askari wa kaunti, kijana anaitwa Tarpley. Akaongea na Carlis kwanza. Halafu akaniita kando ya mtaro.

"Mzee Verlon, pole sana. Niulize tu. Kaka yako macho yake yakoje?"

"Yake?"

"Ndiyo."

"Huyo ndiye macho yangu mimi," nikasema. "Miaka hamsini na mbili ananionea samaki. Muulize mtu yeyote ziwani."

Akaandika. "Manyunyu haya yanafumba sana kioo," akasema kwa upole. Nikaitikia kwa kichwa.

Hospitalini Ouida alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mashine ya soda. Nikakaa kiti cha pili. Hakugeuka.

"Ulisema anaona," akasema.

Nikatazama bei za soda.

"Nilikuuliza, Verlon. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua wewe utajua."

Tangu nimjue, miaka arobaini na nne, ameniita shemeji. Jana ndiyo mara ya kwanza ameniita kwa jina.

16 Mei. Bi Alta amefariki alfajiri.

18 Mei. Jumapili.

Tumemzika saa nane. Wale wanane waliobaki wa basi la kanisa walikaa safu moja. Ndugu Loyd alisema yaliyotokea yametokea, tusitafute sababu. Watu wanampa Carlis mkono, wanamwambia ingeweza kumtokea yeyote. Mvua, manyunyu, kioo. Maneno yangu yamezunguka kaunti nzima na kurudi kanisani.

Baadaye nikamkuta nyuma ya nyumba yake, kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na boti. Nikavuta ndoo nyingine.

"Nilijua," nikasema. "Tangu Aprili. Nilijua huoni, kaka."

"Najua ulijua."

Nikasogeza ndoo karibu.

"Uliniuliza kama chini ya boti kuna kitu," akasema. "Tangu tuzaliwe hujawahi kuniuliza hivyo. Siku zote mimi ndiye nasema. Nikajua kipo kitu na wewe umekiona. Nilitazama, Verlon. Katikati hapo kumekuwa na doa, tangu mwaka jana. Daktari alinieleza. Naona kingo tu. Wewe hapo ulipo huna uso."

"Mbona hukuacha gari?"

Akapapasa ubavu wa boti. Nilidhani analia lakini hakuwa analia.

"Nilikuwa nangoja uniambie. Kila siku nikiamka nasema, leo atasema. Ungesema wewe ningeacha. Nisingebishana hata neno. Halafu ukawa husemi, unakula, unacheka, unarusha nzi wako pale ninapokwambia. Nikasema, basi haijafika huko. Labda bado naona zaidi kuliko ninavyodhani. Verlon asingeniacha nimpakie Bi Alta na wenzake kila Jumapili kama ingekuwa vibaya kiasi hicho."

"Kaka."

"Nilikutazamia wewe," akasema. "Macho sina, nikategemea yako."

Akaomba nimwongoze mpaka mlangoni. Anaifahamu njia hiyo hata kinyumenyume. Nilimshika mkono nikamfikisha, Ouida akampokea na kufunga mlango.

20 Mei. Maji sikupima.

Nimekwenda mjini asubuhi, ofisi ya sherifu, mkuu wa askari wa kaunti. Carlis nilimwambia jana. Alisema, "Nenda," basi. Tarpley alikuwa mezani anakula biskuti na soseji. Akasimama aliponiona, akafuta mikono, akanivutia kiti.

"Karibu, mzee wangu. Kuna shida?"

"Nimekuja kubadilisha maneno yangu."

"Yapi?"

"Uliniuliza macho ya kaka yangu yakoje. Haoni. Nilijua kwamba haoni."

Akakaa. Akatoa karatasi, akatafuta kalamu, akaijaribu pembeni.

"Ulijua lini?"

"Tarehe tano Aprili. Asubuhi, saa nne na kitu."

Akageukia kalenda ukutani, nikaona kidole chake kinashuka mstari kwa mstari. Wiki tano na siku tatu. Nilikuwa nimeshazihesabu.

"Na muda wote huo hukumwambia mtu. Mke wake je?"

"Aliniuliza. Nikamwambia anaona."

"Mzee Verlon," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ingekuwa ya ukali ningeshukuru. "Kwa nini?"

Njiani nilikuwa nimepanga mengi ya kusema. Kuhusu baba alivyotugawa, kuhusu Nelda, kuhusu mtu anavyokufa ukimnyang'anya funguo. Hakuna hata moja lililokuja.

"Samaki walikuwa wanataga," nikasema.

Akanitazama. Alidhani hakusikia vizuri.

"Samahani, rudia."

Nikarudia. Akainama akaliandika neno kwa neno, nikaliona likiwa limepinduliwa upande wangu, kisha akaigeuza karatasi na kunisukumia kalamu nitie sahihi chini yake.